Uliza Ujibiwe: Glasi, Bomba na Kibuyu

Barua za mwezi huu zimetoka Tanga mjini na Pangani, na karibu zote zinagonga mlango mmoja: kwa nini kinywaji kilekile kinanoga huku na kuudhi kule. Tumezifupisha bila kugusa swali lenyewe. Aliye chini ya miaka 18 ukurasa huu haumhusu. Asiyekunywa apindue, mapishi ya bokoboko yako mbele.

SWALI: Waungwana, salaam. Mimi na wenzangu tunakunywa bia ya aina moja tu, ya chupa. Baa ya kwanza inanoga, ya pili ina harufu ya kicheche, na kwenye grosari moja ladha yake ni kama boksi lililolowa. Je, kiwanda kinatuchezea?
*Msomaji wa Chuda*

JIBU: Kiwanda kiache. Chupa zote tatu zilitoka sawa, mbili zikaharibiwa njiani au palepale baa, na pua yako imeshatambua namna mbili tofauti za uharibifu.

Harufu ya kicheche ni kazi ya jua. Uchungu wa bia hutokana na hopsi, maua makavu ya mmea wa nchi za baridi. Dutu chungu za hopsi zikipigwa na mwanga huvunjika, zikaungana na salfa iliyomo ndani ya bia, na kinachozaliwa ni harufu ya jamii ileile anayoitoa kicheche akikasirika. Kwa chupa ya kijani au nyeupe dakika chache za jua kali zinatosha. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, lakini haizuii wote, kwa hiyo kreti lililoshushwa barazani saa nne asubuhi na kuingizwa ndani saa nane mchana limeshaonja jua la kutosha. Hata friji ya kioo yenye taa inayowaka usiku na mchana huumiza chupa ya mstari wa mbele. Omba ya nyuma, au agiza kopo, maana kopo halipitishi mwanga hata kidogo.

Ladha ya boksi lililolowa ni hewa na joto. Kila chupa hufungwa ikiwa na oksijeni kidogo mno, nayo hufanya kazi yake polepole. Joto ndilo linaloiharakisha: likipanda kwa nyuzi 10, bia huzeeka mara mbili hadi tatu kwa kasi. Sasa fikiria stoo ya mabati hapa Tanga mwezi wa pili. Bia iliyokaa humo mwezi mmoja imezeeka kuliko iliyokaa miezi miwili sehemu yenye ubaridi, ijapokuwa tarehe kwenye lebo zinafanana. Tarehe isome, ila usiiamini peke yake.

Hapohapo tufute imani moja inayotembea mitaani, kwamba bia iliyopoa ikapata moto ikapozwa tena imeshakufa. Kupoa na kupata moto mara moja mbili hakuiui. Kinachoiua ni jumla ya saa ilizokaa kwenye joto.

Baa hujulikana kwa mzunguko wake. Kabla hujakaa, tupia jicho kreti zilizo nyuma ya kaunta. Kreti za chupa tupu zikiwa nyingi na vumbi halipo, hapo bia haikai. Ukiona aina kumi na tano zimepangwa vizuri rafuni, kila moja na utando wake wa vumbi mabegani, agiza ile inayonywewa na meza nyingi hata kama si chaguo lako la siku zote.

Baada ya chupa, kagua glasi. Mimina, ngoja nusu dakika, kisha tazama ukuta wa kioo. Povu likikaa na kuacha pete kila unapopiga funda, glasi ni safi. Vipovu vikiwa vimeganda ubavuni kama vinyunyu, hapo pana mafuta au mabaki ya sabuni, na povu litakata kabla hujamaliza kuagiza mishkaki. Chanzo karibu siku zote ni beseni moja linalooshea glasi pamoja na sahani za chipsi, kisha kitambaa kilekile cha kufutia meza kinapitishwa ndani ya glasi. Glasi ioshwe kwenye maji yake, isuuzwe kwa maji baridi yanayotiririka, ipinduliwe juu ya waya ijikaushe. Isifutwe ndani. Na wewe mnywaji, midomo yenye mafuta ya nyama huvunja povu vilevile, kwa hiyo usimlaumu mhudumu kabla hujajifuta.

SWALI: Mwezi ujao nina safari ya Dar es Salaam, kisha Nairobi. Nasikia huko kuna baa zinazopika bia zao wenyewe, na orodha yake imejaa namba na herufi. Sitaki kuonekana mshamba. Nianzie wapi?
*Msomaji wa Makorora*

JIBU: Ushamba hauko kwenye kuuliza, uko kwenye kuagiza kubwa ya kitu usichokijua. Dar utasikia jina la Crafty Dee's, Nairobi utasikia Bateleur, 254 na Brew Bistro. Piga simu kabla ya kwenda, kwa sababu viwanda vidogo huhama, hufunga jiko kwa matengenezo, au humaliza aina uliyoifuata.

Herufi kwanza. ABV ni asilimia ya kilevi. IBU ni kipimo cha uchungu: laga tulizozizoea hucheza kati ya 10 na 20, IPA huanza kwenye 40 na kupanda. Lakini namba ya uchungu isikutishe peke yake, kwani bia yenye utamu mwingi wa kimea huufunika uchungu, na yenye IBU 35 ikiwa nyepesi inaweza kukukunja uso kuliko yenye 50 iliyo nzito.

Aina ni nyingi, ila mizizi ni miwili. Laga huchachushwa kwenye ubaridi, nyuzi 8 hadi 13, kwa wiki kadhaa, ndiyo maana huwa safi na haina vishindo. Eli huchachushwa nyuzi 18 hadi 22 kwa siku chache, na hamira yake huacha harufu za matunda. IPA ni eli yenye hopsi nyingi, jina lake lilitokana na bia iliyokuwa ikisafirishwa kutoka Uingereza kwenda India. Stauti ni eli ya nafaka iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi, ndiyo maana inakaribia ladha ya kahawa. Weusi si ukali, jamani. Ziko stauti za asilimia 4, na ziko bia za rangi ya dhahabu zenye asilimia 8.

Ukifika, omba sampuli. Kwa kawaida huletwa ubao wenye glasi nne ndogo, kila moja ml 125 hadi 150. Zipange mwenyewe kutoka nyepesi kwenda nzito, chungu na nyeusi zikae mwisho. Ukianza na IPA, laga itakayofuata utaiona maji matupu. Piga funda mbili za kila moja, maji katikati, halafu rudi ya kwanza. Mara nyingi uamuzi hubadilika kwenye mzunguko wa pili, kwa sababu baridi imepungua na harufu imefunguka. Chakula agiza chenye chumvi na kisicho na pilipili nyingi: pilipili na uchungu wa hopsi vikikutana, vyote viwili hupanda.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi huanguka. Bia kubwa ya ml 500 yenye asilimia 5 ina ml 25 za kilevi halisi, kama gramu 20. Ini la mtu mzima husafisha takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Glasi nne ndogo za ml 150 zenye wastani wa asilimia 6 ni ml 600, yaani gramu 28 hivi. Ubao ule unaoonekana kama mchezo wa watoto umezidi bia kubwa moja na robo. Ukimaliza ukaongeza IPA kubwa ya asilimia 7, umefika gramu 56, na saa sita hadi nane zijazo gari si lako. Chukua bodaboda au teksi, na uwe abiria.

Swali la kumuuliza mhudumu ni moja tu: "Ipi pipa lake limefunguliwa karibuni?" Akijua jibu, uko mahali pazuri. Akikuambia zote ni mpya, agiza ile inayotoka sana.

SWALI: Nauza mnazi hapa Pangani. Wiki iliyopita galoni mbili zimenipasukia stoo usiku. Tena wateja wanasema mnazi wangu wa jioni ni mtamu ila wa asubuhi mkali mno, na wengine wananituhumu natia maji. Nisaidieni.
*Mama muuzaji, Pangani*

JIBU: Pole, mama. Tuanze na galoni, kwa sababu linaweza kumtoa mtu jicho.

Utomvu wa mnazi ukiwa ndani ya karara hauna kilevi. Una sukari, takriban asilimia 12 hadi 15. Mgema akishakata kwa kotama na tone la kwanza likagusa kibuyu, hamira iliyobaki humo tangu jana na ile ya hewani huanza kuila sukari palepale. Inapoila hutoa vitu viwili, kilevi na gesi. Gesi isipopata njia hujipakia, na ukiukaza mfuniko umetengeneza bomu. Mfuniko ulegee nusu mzunguko, au funika kwa kitambaa safi kilichofungwa kamba. Galoni lisijae, acha robo iwe tupu kwa ajili ya povu. Usafiri wa pikipiki ni hivyohivyo, tena zaidi, kwa vile mtikisiko huitoa gesi kwa mkupuo.

Tofauti ya asubuhi na jioni si ya mti, ni ya saa. Chombo kilichotegwa jioni na kushushwa alfajiri kimechacha usiku kucha hukohuko juu, kwa hiyo unapokishika mnazi umeshafika asilimia 4 au 5 na sukari imepungua. Uliotegwa asubuhi ukashushwa mchana umekaa muda mfupi, bado mtamu. Ukipenda ladha ifanane, mwombe mgema ashushe mara tatu badala ya mbili, usichanganye mshusho mmoja na mwingine kwenye galoni moja, na uandike saa kwa kalamu ya kudumu ubavuni. Mteja wa mtamu mpe wa mchana, wa mkali mpe wa alfajiri, tena bei unaweza kuzitenga.

Baada ya saa 24 huingia bakteria wa siki. Hao wanahitaji hewa, hugeuza kilevi kuwa asidi, na mnazi unaanza kukata koo. Friji huchelewesha ila haizuii. Uliochacha kabisa usiumwage, wala usiufufue kwa sukari: uache wiki mbili tatu kwenye chombo cha mdomo mpana kilichofunikwa kitambaa, utapata siki nzuri ya kachumbari na ya kuwekea samaki. Usiuhifadhi kwenye ndoo ya bati wala sufuria ya shaba, asidi hula madini yakaingia ndani ya kinywaji. Plastiki ya chakula, kioo au kibuyu.

Kuhusu maji, wahenga walishamaliza: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huenda si wewe, ni huyo unayemsifu. Mpime. Mnazi halisi ni mweupe mzito kama maji ya kuoshea mchele mara ya kwanza, una vipovu vidogo visivyokoma, na ukiutikisa kwenye chupa angavu povu hukaa. Uliotiwa maji hupauka, povu hufa upesi, na utamu uko juu ya ulimi tu bila uzito. Uliotiwa maji kisha sukari ni mgumu zaidi kuutambua. Huo uache saa tatu mezani, utachacha kwa haraka isiyo ya kawaida na harufu yake itakuwa ya hamira tupu, bila ile ya nazi. Hasara ya maji hayo si ladha peke yake. Kisima ndicho kinacholeta kuhara, na kilevi cha asilimia 5 hakiui vijidudu vya kipindupindu.

Vibuyu visioshwe kwa sabuni, harufu haitoki. Maji ya moto yanayochemka, mara mbili, kisha juani mdomo chini. Kikishaota utando wa kijivu ndani, kitupe.

SWALI: Na gongo je? Jirani anasema lililopikwa vizuri halina neno.
*Msomaji wa Mabawa*

JIBU: Ni kosa kisheria, na jirani hana namna ya kujua lipi limepikwa vizuri. Methanoli haina rangi wala harufu ya kuitofautisha na kilevi cha kawaida, na mara nyingi huingia pale mtu anapoongeza spiriti ya kiwandani ili kinywaji kikolee. Dalili zake hujificha saa 12 hadi 24: macho kuona ukungu, kichwa, kutapika, pumzi za haraka. Mtu akiona ukungu baada ya kunywa, asilale ili "ipite". Apelekwe hospitali saa hiyohiyo na watu waseme wazi alichokunywa, maana dawa ipo lakini inawahi au haiwahi.

SWALI: Kila nikitoka na wenzangu bili inazidi chupa tulizokunywa.
*Msomaji wa Ngamiani*

JIBU: Vizibo vyote vikae kwenye kisosi mezani, na chupa tupu zisiondolewe mpaka mmelipa. Raundi ilipwe inapoletwa. Mkibadilisha meza, hamisheni kisosi wenyewe. Basi.

SWALI: Nina baa ndogo upande wa Raskazone, nataka kuweka bia ya bomba. Fundi mmoja amenifungia, lakini glasi inajaa povu tupu. Nikipunguza gesi, bia inalala. Nimepoteza nusu ya kegi.
*Mwenye baa, Tanga*

JIBU: Usipunguze gesi. Hilo ndilo kosa la kwanza la kila mwenye bomba jipya, na linaeleweka, kwa kuwa povu linaonekana kama gesi iliyozidi. Ukweli ni kinyume chake: ukishusha presha, gesi iliyomo ndani ya bia hupata nafasi ya kutoka, inatokea njiani kwenye mpira, unapata povu leo na bia iliyolala kesho.

Povu lina visababishi vitatu, vifuate kwa mpangilio huu.

Joto. Kegi ni pipa la chuma la lita 30 au 50. Likiingia kwenye friji likiwa na nyuzi 29, linahitaji saa 24 kamili kufika nyuzi 4 katikati. Nje litakuwa baridi baada ya saa sita, hapo ndipo wengi hufungua. Usipime pipa kwa kiganja. Mimina glasi mbili, weka kipimajoto kwenye ya pili. Ikizidi nyuzi 5, funga na usubiri.

Mpira. Kutoka kegi hadi bomba kuwe na mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 5, urefu mita 1.5 hadi 2. Mafundi wa mabomba ya maji hupenda kuweka mpana na mfupi ili bia "ishuke vizuri", kumbe ule msuguano ndio unaoishika bia ifike glasini kwa utulivu. Mpira wote ukae ndani ya friji na bomba litokeze mlangoni. Ukiupitisha chini ya kaunta mita nne bila kipoza, kila glasi ya kwanza baada ya dakika kumi itakuwa povu, kwa joto la Tanga hakuna ujanja.

Presha. Kwa laga ya nyuzi 4, weka bar 0.8 na uiache hapo. Ukibadilisha leo, matokeo utayaona baada ya siku, si baada ya glasi.

Kichwa cha kegi nacho kina aina. A, S na D haviingiliani, kwa hiyo kabla ya kununua muulize msambazaji wako anatumia kipi. Mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi wa kilo 10 husukuma mapipa 30 hivi ya lita 50 kama hapavuji. Pakaza maji ya sabuni kwenye kila kiungio, vipovu vikipanda umepata mwizi wako. Mtungi usimame, ufungwe mnyororo ukutani. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, na chumba kidogo kilichofungwa kinaweza kumzimisha mtu bila harufu yoyote ya kumwonya. Stoo iwe na tundu la hewa usawa wa sakafu.

Umeme ukikatika, usifungue friji. Pipa lililojaa hushika ubaridi kwa saa nyingi, mpira ndio unaopata moto. Umeme ukirudi, mwaga glasi moja, uendelee.

Usafi ndio unaotenganisha baa na baa. Kila wiki mbili pitisha dawa ya kusafishia mirija ya bia yenye magadi makali, kwa kiwango cha asilimia 2, iache dakika 15 hadi 20 ikizunguka, kisha suuza mpaka karatasi ya litimasi isionyeshe mabadiliko. Fungua bomba lenyewe, sugua kwa brashi ndogo. Kila miezi mitatu tumia ya asidi kuondoa ukoga mgumu unaoganda. Ukiacha, dalili ya kwanza ni ladha ya siagi, ya pili ni ya siki, ya tatu ni wateja kurudi kwenye chupa. Vaa glovu na miwani, dawa ile huchubua.

Pipa lililofunguliwa la bia isiyopashwa moto kuua vijidudu baada ya kuchacha, ambayo ndiyo kawaida ya viwanda vidogo, limalizwe ndani ya wiki mbili. Kwa hiyo kama unauza glasi tatu kwa siku, bomba si biashara yako bado. Lita 30 ni glasi 60 za ml 500, toa tano za povu. Gawa kwa siku 14, unahitaji glasi nne kila siku ili tu usimwage, na ili upate faida zidisha mara tatu.

SWALI: Kazini wananipeleka Cologne, Ujerumani, wiki tatu. Nimeambiwa huko mhudumu anakuletea bia hujaagiza. Ni kweli?
*Msomaji wa Bombo*

JIBU: Kweli. Bia ya mji huo inaitwa Kölsch, ya rangi ya majani makavu, asilimia 4.8 hivi, huletwa kwenye glasi nyembamba ya ml 200 inayoitwa Stange. Glasi ni ndogo makusudi, inywewe kabla haijapata moto. Mhudumu, wanamwita Köbes, hupita na sinia la mviringo. Akiona glasi yako tupu anaweka nyingine na kupiga mstari wa penseli kwenye kikadi cha karatasi kilicho chini ya glasi. Kikadi hicho ndicho bili yako, usichezee. Ukitosheka, kiweke juu ya glasi. Usipokiweka ataendelea, na wala si ujeuri wake. Früh, iliyoanza mwaka 1904 karibu na kanisa kuu, na Päffgen ya mwaka 1883 ni pa kuanzia. Usiagize Alt: hiyo ni ya Düsseldorf, watani wao wa jadi, na utachekwa kama Msimba aliyeuliza Yanga.

Ukipata wikendi, Brussels iko kilomita 200 hivi. Nenda Cantillon, kiwanda cha mwaka 1900, ukaonje lambiki, bia chachu ya huko. Wewe wa Tanga utaielewa kuliko Wajerumani wenzako: haitiwi hamira ya kununua, hungojewa ya hewani, kama mnazi. Maji ya nafaka yaliyochemshwa humwagwa jioni kwenye sinia kubwa pana, lililo wazi, darini, yakapoa usiku kucha, na hufanywa miezi ya baridi tu kwa sababu kiangazi huleta vijidudu vya kuharibu. Kisha huingia mapipa ya mbao mwaka mmoja hadi mitatu. Ladha yake ni ya ukwaju na zizi la ng'ombe, na tunasema hivyo kwa kuisifu.

SWALI: Naweza kupika bia kidogo nyumbani ya kunywa mwenyewe? Niko Sahare, chumba hakishuki nyuzi 28.
*Msomaji wa Sahare*

JIBU: Ulizia kwanza taratibu halmashauri, na ujue kwamba kuuza hata chupa moja bila leseni ni kosa. Kimea na hopsi utaagiza. Shayiri inalimwa Arusha na Kilimanjaro, lakini hopsi zinataka siku ndefu za kiangazi ambazo sisi hatuna.

Kwa lita 10: kimea kilichobanjwa kilo 2.2, hopsi za kati gramu 12, hamira ya bia gramu 5. Pasha lita 7 za maji hadi nyuzi 72, tia kimea, joto litatua kwenye 66. Lishike hapo saa moja. Likizidi 70 bia itabaki na utamu usiochachuka, likishuka chini ya 62 itakuwa nyepesi kama chai ya majani yaliyorudiwa. Chuja, mwagia lita 8 za nyuzi 76, chemsha saa moja hopsi zikiwa ndani, bila mfuniko. Poza haraka kwenye beseni la barafu, kisha tia hamira. Kuanzia hapo kila kinachogusa kiwe kimetakaswa, kijiko kimoja kichafu kinatosha kugeuza lita zote kuwa siki.

Tatizo lako ni joto. Hamira ya kawaida ikifanya kazi kwenye nyuzi 30 hutoa vilevi vizito vinavyochoma koo na kuleta kichwa cha kesho yake. Vitabu vinashauri kitambaa kibichi na feni. Hapa pwani hewa imeshiba unyevu, maji hayakauki upesi, utapata nafuu ndogo sana. Tumia boksi la barafu la wauza samaki, weka ndani yake chombo na chupa mbili za lita 1.5 za maji yaliyoganda, zibadilishe asubuhi na jioni. Au agiza kveik, hamira ya wakulima wa Norway, inayofanya kazi vizuri kati ya nyuzi 30 na 40. Kwa Sahare tungechagua hiyo, tuachane na barafu.

Nunua haidromita, kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki ndani ya bia. Ikianza 1.047 na kuishia 1.011, toa, zidisha kwa 131: una asilimia 4.7. Usitie chupani mpaka isome namba ileile siku tatu mfululizo. Sukari ya gesi ni gramu 6 kwa lita, gramu 60 kwa zote, iliyoyeyushwa kwenye maji yaliyochemka. Tumia chupa za bia za kahawia zilizo nzito, zile za juisi hupasuka. Baada ya siku 10 poza moja na uifungue juu ya sinki. Ikitoka kama chemchemi, zitie zote friji siku hiyohiyo, na unapozihamisha zifunike kwa gunia.